Pointi Mbili, Amri Moja

Njia ya kuhamia, ile inayoitoa treni kwenye reli moja na kuipeleka kwenye ya jirani, ina pointi mbili. Kila pointi ina mikao miwili, kwa hiyo jumla ni mikao minne, na miwili kati ya hiyo ni ajali. Nimeona watu wakijenga meza nzima ya treni za modeli, milima, mahandaki na vituo vyenye taa zake, halafu wakaipa kila pointi swichi yake na kumwachia mwendeshaji kazi ya kukumbuka. Binadamu hakumbuki. Macho yake yako kwenye treni, maana ndiyo iliyomleta mezani.

Kwa asiyewahi kuinama juu ya meza hizi: pointi ni pale njia moja ya reli inapogawanyika kuwa mbili. Ndani yake mna ndimi mbili za chuma zinazosogea pamoja, kushoto au kulia, na kuamua gurudumu lifuate upande gani. Ukiwa na njia mbili zinazokwenda ubavu kwa ubavu, na unataka treni ihame kutoka hii kwenda ile, unaweka pointi moja kwenye kila njia na kuziunganisha kwa kipande kifupi cha reli kilicholala mshazari. Zote mbili zikinyooka, treni mbili zinapishana salama. Zote zikichepuka, treni inahama. Ikichepuka moja tu, treni inaingia kwenye kile kipande cha mshazari, inafika upande wa pili na kukuta ndimi zimeiziba njia yake. Kichwa kizito chaweza kuzisukuma kikapita. Mabehewa mepesi yanayofuata yanapanda juu ya reli na kulala. Na kama pointi zako ni zile zenye chuma kinachopitisha umeme katikati, shoti itapiga kabla gurudumu halijaanguka.

Mikao hiyo miwili mibaya haina kazi yoyote. Hakuna ratiba wala mchezo wa kupanga mabehewa utakaoihitaji. Kwa hiyo kuiacha iwezekane, eti kwa sababu swichi mbili ndizo zilizokuja kwenye boksi, ni uzembe wa kupanga.

Reli kubwa ziliacha kutegemea kumbukumbu ya mtu zamani sana. Mwaka 1856 Mwingereza John Saxby alipata hataza ya mtambo uliounganisha mwendo wa pointi na ishara, ili mtu wa kwenye kibanda cha ishara asiweze kutoa ishara inayopingana na pointi zilivyokaa. Huko Uingereza ikawa jambo la kawaida ncha zote mbili za njia ya kuhamia kuvutwa na wenzo mmoja. Hata namba hupewa moja, kisha herufi ndiyo inayotofautisha ncha hii na ile. Nami meza yangu naiandika hivyohivyo: 3A na 3B ni kitu kimoja chenye miguu miwili, na kwenye ubao wa swichi utaona 3 tu.

Sasa waya.

Mota zilizoenea sana ni za koili mbili, kama ile PL-10 ya kampuni ya Peco ambayo karibu kila mtu wa fani hii ameishika. Kuiita mota ni heshima tu. Ni kipande cha chuma kilichowekwa kati ya koili mbili. Umeme ukipita kwenye koili ya kushoto, chuma kinavutwa kushoto, tak! Ukipita kwenye ya kulia, kinarudi. Mwishowe waya ni tatu: moja ya pamoja, na moja kwa kila koili. Umeme wenyewe uwe wa kugusa na kuachia. Koili hizi zimetengenezwa kwa ajili ya mpigo mmoja, na ukiushikilia umeme kwa muda zinapata moto, vanishi inayeyuka, na harufu yake ukishaisikia huisahau.

Kwenye karatasi, kuzifanya mbili ziende pamoja ni kazi rahisi. Waya ya kunyoosha ya 3A unaiunganisha na waya ya kunyoosha ya 3B, ya kuchepusha na ya kuchepusha, za pamoja nazo pamoja. Vitufe viwili badala ya vinne. Ukibonyeza, moja inaruka na nyingine inatikisika kidogo na kubaki palepale. Watu wengi hapo huilaumu mota ya pili, wanaifungua, wanaipaka mafuta, wananunua nyingine. Mota haina kosa. Tatizo ni hesabu.

Tuseme koili moja ina omu 4. Ukiipa volti 16, inataka ampia 4. Mbili zikiwa sambamba zinataka ampia 8. Transfoma ndogo ya treni, kwenye sehemu zake za kuungia vifaa vya pembeni, mara nyingi hutoa ampia 1 hivi. Volteji inadondoka, na yule mwenye msuguano mdogo ndiye anayeruka. Mwenzake anabaki. Hapo umepata mkao mbaya kwa kitufe kilichowekwa kuuzuia.

Dawa yake ni kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme na kuumwaga kwa mkupuo. Kifaa kinachouzwa kwa kazi hii kina kapasita kubwa, tuseme ya mikrofaradi 4700, inayojazwa taratibu hadi volti 25 au karibu na hapo, kisha inamwagwa yote mara moja kitufe kinapobonyezwa. Nishati iliyomo ni kama juli 1.5. Ni kidogo, lakini inatoka ndani ya makumi machache ya milisekunde, na ndiyo inayopiga kile chuma. Faida ya pili ni usalama: kitufe kikikwama, koili inapata mpigo mmoja, kisha mkondo unaobaki ni mdogo na haiungui.

Kuna jambo ambalo maelezo ya kwenye boksi hayasemi wazi. Ukiweka koili mbili sambamba, kapasita ileile inamwagika kwa kasi maradufu, na kila koili inapata nusu ya nishati. Volteji ya mwanzo ni ileile, kwa hiyo mlio ni ule ule wa kishujaa, lakini msukumo ni mfupi. Kama pointi zako ni za chemchemi ngumu, ndimi zitafika nusu na kurudi. Suluhisho halihitaji ujanja: ongeza kapasita ya pili ya aina ileile sambamba na ya kwanza, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, na uangalie volti zilizoandikwa ubavuni zisiwe chini ya zile unazojazia. Kapasita iliyofungwa kinyume huvimba, na nyingine hupasuka kwa kishindo.

Na waya yenyewe! Hapa ndipo ninapokuwa mbishi. Ile waya nyembamba ya rangi nyingi, ya milimita za mraba 0.14, inavutia kwa sababu inapinda vizuri na ni rahisi kuipanga. Kila mita yake ina kama omu 0.12. Ukienda mita 5 na kurudi mita 5, tayari una omu 1.2 njiani. Koili mbili za omu 4 zikiwa sambamba ni omu 2 tu. Maana yake zaidi ya theluthi ya nguvu yako inapasha moto waya chini ya meza. Tumia ya milimita za mraba 0.5 au zaidi, hasa kwenye waya ya pamoja, ambayo inabeba mzigo wa zote mbili. Kwa taa za nyumba na ishara, tumia nyembamba upendavyo.

Swali linalofuata ni waya ipi ni ya kunyoosha. Pointi mbili za njia ya kuhamia ni za mkono mmoja, ama zote za kushoto ama zote za kulia, ila ya pili imegeuzwa nusu duara. Ukifunga mota zote mbili kwa namna moja kuhusiana na pointi zake, rangi za waya zitalingana. Lakini chini ya meza kuna mbao za kuimarisha, na mara nyingi mota ya pili inalazimika kufungwa upande wa pili. Hapo rangi hazina maana tena. Mimi siziamini rangi hata siku moja. Naweka zote mbili kwenye mkao wa kunyooka kwa kidole, nagusa waya moja moja, na ile inayozifanya ndimi zisitikisike ndiyo ya kunyoosha. Kisha naibandika kikaratasi. Mtu atakayelala chini ya meza hiyo miaka mitano baadaye, akiwa na tochi mdomoni, atanishukuru, hata kama mtu huyo ni mimi.

Mota za polepole ni habari nyingine, na kwa njia za kuhamia zinazoonekana mimi nachagua hizo bila kusita. Tortoise ya kampuni ya Circuitron ndiyo inayojulikana zaidi: mota halisi ya umeme wa DC (wenye chanya na hasi) iliyo na gia, inayohitaji volti 12, inayosogeza ndimi kwa kama sekunde 3, kisha inasimama ikiwa bado na umeme na kuendelea kusukuma kwa upole. Ikiwa imesimama hivyo inakula miliampia 16 hivi. Mbili ni 32. Adapta yoyote ndogo inaziweza, na habari ya kapasita inakufa hapohapo. Unatumia swichi moja ya nguzo mbili inayogeuza chanya na hasi, mota zote mbili zikiwa sambamba kwenye waya zake mbili. Ikiwa moja inakwenda kinyume na mwenzake, badilisha waya zake mbili pale kwenye mota, basi.

Uzuri wake mwingine ni kwamba unaona. Ndimi za 3A na 3B zinaanza kusogea wakati mmoja, taratibu, kama za reli ya kweli, na mgeni aliyesimama pembeni ya meza ananyamaza kidogo. Lakini wapo wanaodhani polepole ni sawa na uhakika, na hapo sikubaliani nao.

Kuziamrisha pointi mbili pamoja hakumaanishi zimefika pamoja. Waya inapeleka amri. Haileti jibu. Taa nyingi za kwenye ubao wa swichi zimeunganishwa na swichi yenyewe, au zimepangwa mfululizo na waya ya mota, jambo linalofaa kwa Tortoise kwa sababu mkondo wake ni mdogo vya kutosha kupita kwenye LED, ile taa ndogo ya ubaoni. Zinapendeza. Zinachosema ni kwamba wewe umegeuza swichi, na hilo ulikuwa unalijua tayari.

Jibu la kweli linatoka kwenye pointi. Tortoise ina seti mbili za kontakti ndani, yaani swichi ndogo, zinazogeuka pamoja na mota. Chukua kontakti ya kuchepuka ya 3A, ipeleke kwenye taa ya njano ubaoni, kisha kwenye kontakti ya kuchepuka ya 3B, zote mfululizo. Taa hiyo itawaka pale tu zote mbili zitakapokuwa zimechepuka. Fanya hivyo upande wa kunyooka kwa taa ya kijani. Ukigeuza swichi, ya kijani inazima, sekunde kadhaa hakuna taa yoyote, kisha ya njano inawaka. Ubao ukibaki na giza, moja imekwama, na treni isisogezwe. Giza hilo ni habari muhimu kuliko taa zote mbili.

Ukitaka kwenda mbele zaidi, umeme wa kile kipande cha reli cha mshazari nao upitishe kwenye kontakti za kuchepuka za seti ya pili, mfululizo. Pointi zisipoafikiana, kipande kinakuwa kimekufa, na kichwa cha treni kinasimama chenyewe kabla ya kuleta balaa. Lakini seti ya kwanza ukiwa umeitumia kwa taa na hii kwa reli, hujabakiwa na kontakti ya frogi, ile sehemu ya katikati ambapo reli mbili zinakatana. Hapo mtu anaongeza rilei, yaani swichi inayogeuzwa kwa umeme, moja sambamba na kila mota, ikiwa na diodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ili iwake upande mmoja. Rilei hizo zibebe umeme wa frogi, kontakti za mota zibaki kwa jibu.

Frogi zenyewe zina somo ambalo halikwepeki kwenye njia ya kuhamia. Reli inayotoka kwenye frogi ya 3A inakwenda moja kwa moja kuwa reli ya nje ya 3B, na ya frogi ya 3B inarudi kuwa reli ya nje ya 3A. Frogi yenye umeme hubadilisha upande kila pointi inapogeuzwa. Zote mbili zikinyooka, frogi inakuwa na umeme wa upande mmoja na reli ya nje ya mwenzake ina wa upande mwingine. Bila kuzikata, ni shoti ya kudumu. Kwa hiyo reli zote mbili za kipande cha katikati lazima ziwe na kiungo cha plastiki, au zikatwe kwa msumeno mwembamba na ufa ujazwe gundi ili joto lisizirudishe pamoja. Pointi za frogi ya plastiki hazina shida hiyo, ila vichwa vifupi vinakwama juu yake. Binafsi navumilia waya za ziada ili nisione kichwa kidogo cha kupanga mabehewa kikisukumwa kwa kidole.

Njia ya kuhamia ni ndugu mdogo. Ndugu mkubwa ni yadi, pale mabehewa yanapopangwa. Chukua yadi ya njia nne zinazotoka kwenye ngazi ya pointi tatu zinazofuatana. Njia ya kwanza inahitaji pointi 1 ichepuke. Ya pili, pointi 1 inyooke na pointi 2 ichepuke. Ya tatu, 1 na 2 zinyooke, 3 ichepuke. Ya nne, zote zinyooke. Kinachotakiwa ni kitufe kimoja kwa kila njia: ubonyeze kitufe cha 3, pointi zote zijipange. Kwa mota za koili, anayefanya kazi hiyo ni diodi.

Tazama kinachotokea bila diodi. Kitufe cha 3 na kitufe cha 4 vyote vina waya inayokwenda kwenye koili ya kunyoosha ya pointi 1. Kwa umeme, waya mbili zilizokutana sehemu moja ni waya moja. Kwa hiyo ukibonyeza cha 3, umeme unafika pale, unarudi nyuma kupitia waya za kitufe cha 4, na kuingia koili ya kunyoosha ya pointi 3 wakati uleule koili yake ya kuchepusha inavuta. Koili mbili zinavutana, chuma kinabaki katikati. Diodi inaruhusu umeme kwenda na kuuzuia kurudi, na mchezo huo unakwisha.

Michoro mingi huweka diodi kwenye kila makutano, na kwa yadi hii zinakuwa 9. Zinazohitajika kweli ni 5: tatu kwenye koili ya kunyoosha ya pointi 1, inayoitwa na vitufe vitatu, na mbili kwenye ile ya pointi 2, inayoitwa na viwili. Koili yenye kitufe kimoja tu haina wa kugombana naye. Mimi huweka zote 9 hata hivyo, kwa sababu yadi huongezwa njia, na diodi ni kitu kidogo. Kwa koili natumia za familia ya 1N5400, za ampia 3. Zile za 1N4001 ni za ampia 1, zinastahimili mshtuko mkubwa wa muda mfupi, na wapo wanaozitumia bila tatizo. Kila moja inakula kama volti 0.7. Na kumbuka ile hesabu ya kapasita: kitufe cha 4 kinapiga koili tatu kwa mpigo mmoja.

Kabla ya diodi kuwa kitu cha kawaida, wapenzi wa treni walitumia rilei za simu. Klabu ya treni za modeli ya chuo cha MIT, Marekani, iliyoanzishwa 1946, ilijenga mfumo wake wa udhibiti kwa vifaa vya mitambo ya simu, na baadhi ya vijana waliotambaa chini ya meza ile ndio waliohamia baadaye kwenye kompyuta za mwanzo za chuoni hapo. Siwashangai. Mtu aliyekwisha kupanga rilei zichague njia kwenye yadi, programu haimtishi.

Wenye mfumo wa kidijitali wa DCC wana njia fupi: dekoda mbili za pointi, vile vifaa vinavyopokea amri, zipewe anwani moja, au amri ya njia nzima ihifadhiwe kwenye kituo cha kuendeshea. Mota mbili za polepole zinaweza hata kukaa sambamba kwenye tokeo moja la dekoda, mradi mkondo unaoruhusiwa unatosha. Inafanya kazi vizuri. Lakini nayo ni amri tu, na lile swali la jibu linabaki palepale.

Lina tabaka moja zaidi. Zile kontakti za Tortoise ziko ndani ya mota, na mota inasukuma ndimi kupitia waya ya chemchemi inayopinda. Punje ya kokoto ikikaa kati ya ulimi na reli, waya inapinda, mota inamaliza safari yake, kontakti zinageuka, na taa ya njano inawaka huku ulimi ukiwa nusu njia. Reli kubwa zinalijua hili pia. Huko kinachopimwa ni ndimi zenyewe, kwa fito zilizofungwa kwenye ndimi. Kwenye meza, kinacholingana na hicho ni swichi ndogo ya kugusa iliyowekwa mahali inaposukumwa na kijiti kinachofunga ndimi za pointi, siyo na mota.

Kuifunga inachukua muda na inataka mkono mtulivu, maana nafasi ni ya milimita moja au mbili. Kwenye njia za kuhamia zilizo mbele ya macho yangu siweki. Kontakti za mota zinanitosha, na kokoto naiona. Ndani ya handaki naweka kwenye pointi zote mbili, mfululizo, na nazijaribu kwa kuchomeka njiti ya kibiriti kwenye ulimi wa moja, kisha wa nyingine, nikigeuza swichi kila mara na kuangalia ubao. Taa ikiwaka wakati njiti ipo, waya inarudi mezani ikafungwe upya.